Paipu za Nakuru Zilituhesabu Wageni

Kuna swali huwa nauliza kila nikiingia nyumba ya zamani hapa Nakuru, na watu hudhani natania. Valvu ya kufunga maji iko wapi? Sio mfereji wa jikoni. Namaanisha ile ya kufunga maji ya nyumba nzima. Ukiuliza Milimani unaonyeshwa mara moja: iko kando ya geti, chini ya kifuniko cha chuma, nyasi imeota juu yake. Ukiuliza Kivumbini ama Kaloleni, unaulizwa nawe, "Ya nyumba gani? Hii laini ni ya wote." Na kwa ile SQ unayolipia kodi kila mwezi, jibu ni kwamba valvu iko ndani kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba amelala.

Hiyo tofauti haikutokea hivi hivi. Kuna watu walikaa chini na karatasi na penseli wakaamua. Leo nataka tuongee kuhusu hao watu, na pia kuhusu kile unafaa kufanya saa nane usiku paipu yao ikipasuka juu ya kitanda chako. Najua mmenizoea na historia ya vita na marais. Nivumilieni. Paipu pia ina historia, na hii yetu bado inavuja.

Twende kwa reli kwanza, maana Nakuru bila reli haipo. Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, na mwisho wa 1901 ikagusa ziwa pale Kisumu, enzi hizo ikiitwa Port Florence. Nakuru ilizaliwa katikati ya hiyo safari, na 1904 ikatambuliwa rasmi kama mji mdogo. Sasa fikiria shida yao. Injini za mvuke hazitembei bila maji, na lazima yawe maji matamu, kwa sababu maji ya chumvi huharibu boila. Halafu mbele yako kuna ziwa zima ambalo huwezi kunywa, huwezi kupikia, huwezi kutia kwa injini. Ziwa Nakuru ni la magadi. Halina mto wa kutoa maji nje, kila kinachoingia kinabaki humo ama kinapanda juu na jua. Jina la mji lenyewe wanasema limetoka kwa neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Vumbi na magadi, hapo ndipo mtu aliamua kujenga mji.

Kwa hivyo tangu mwanzo huu ni mji wa kuvuta maji kutoka kwingine: mito inayoshuka kutoka milimani, visima, baadaye paipu ndefu. Na mji ukivuta maji kutoka mbali, kuna mtu lazima aamue nani atafikiwa na paipu, ya ukubwa gani, na itaishia wapi.

Mwaka wa 1913 serikali ya kikoloni ilimleta daktari Mwingereza, Profesa W. J. Simpson, kuchunguza afya katika miji ya hapa kwetu. Tauni ilikuwa imeshawatia hofu. Pendekezo lake likawa miji igawanywe kwa rangi: Wazungu pao, Waasia pao, Waafrika pao. Sababu iliyoandikwa ilikuwa magonjwa. Angalia ramani ya Nakuru uone kama utatofautisha. Juu kwenye mteremko wa Menengai, hewa safi na miti, Milimani. Chini, karibu na reli na maduka, Bondeni. Hata hawakujisumbua kutafuta majina. Mlima ni wa nani na bonde ni la nani, na maji machafu huteremka kwenda wapi, hiyo si hesabu ngumu.

Lakini ukitaka kuelewa kwa nini paipu ya Bondeni si kama ya Milimani, rangi peke yake haitoshi. Kuna wazo lingine lililokuwa chini ya hilo: kwamba Mwafrika mjini ni mpita njia. Anakuja kufanya kazi, ana kipande shingoni, kazi ikiisha anarudi nyumbani kwao. Mke na watoto wako huko. Mshahara wake ni wa mtu mmoja, na chumba chake ni cha kitanda. Mtu wa aina hiyo unamjengea jikoni ya nini? Bafu la nini? Unajenga vyumba kwa safu, unaweka jengo moja la vyoo na mifereji katikati, wote wanashiriki. Ilifika 1954 ndipo kamati ya serikali, ile ya Carpenter iliyokuwa ikichunguza mishahara ya Waafrika, ikasema wazi kwamba mfanyakazi alipwe pesa ya kutosha kukaa mjini na familia. 1954! Reli ilikuwa imepita hapa zaidi ya miaka hamsini.

Na msiniambie eti teknolojia haikuwepo. Mwendo mfupi tu wa matatu kutoka hapa, kule Njoro, Lord Egerton alianza kujenga kasri yake 1938 na akaimaliza hiyo hiyo 1954. Vyumba zaidi ya hamsini, mtu mmoja. Ukienda kuitembelea leo, usishangae tu mbao na ngazi. Angalia mabafu.

Hata nyumba za kawaida za Wazungu, zile za mabati mekundu na veranda, zilikuwa na mpango wa maji unaoeleweka. Tenki juu. Nje ya ukuta wa bafu, pipa limelazwa juu ya jiko la kuni, wazee huliita boila ya Tanganyika. Moto unawashwa nje, maji moto yanaingia ndani kwa paipu, na mwenye nyumba haoni moshi. Swali ni, nani alikuwa anawasha ule moto saa kumi na moja asubuhi? Alikuwa analala nyuma ya nyumba, kwa chumba kimoja. Paipu ile ile iliyopita jikoni na bafuni iliishia kwake ikiwa mfereji mmoja wa nje, ukutani. Hicho chumba ndicho sisi sai tunaita SQ na tunashindania kulipia, na bado mfereji uko nje na valvu iko kwa nyumba kubwa. Ile S mnajua ilisimamia nini.

Baada ya uhuru majina ya mashujaa yakaingia mitaani, tukawa na Kimathi, tukawa na Lumumba. Nyumba za mji zikaongezwa, zingine bora kabisa kuliko za kwanza. Lakini wale waliokuwa kwa chumba kimoja chenye choo cha pamoja hawakupewa paipu mpya, walipewa kura. Sisemi kura ni kitu kidogo, lakini huwezi kuoga nayo. Familia zikaingia kwa vyumba vya mtu mmoja. Sensa ya 1969 ilihesabu kama watu 47,000 Nakuru. Ya 2009 ikahesabu karibu 308,000. Ya 2019, zaidi ya 570,000. Desemba 1, 2021 tukapewa hadhi ya jiji, la nne Kenya, Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe akakabidhi cheti, tukapiga picha. Chini ya ardhi, sehemu nyingi za mji wa zamani, paipu hazikuambiwa.

Hebu tuzungumzie paipu zenyewe, maana hapa ndipo watu hudanganywa na mafundi.

Nyumba za zamani nyingi zina paipu za chuma kilichopakwa zinki. Nje zinaonekana kijivu, ziko sawa. Shida iko ndani. Zinki huisha polepole, ikiisha chuma kinaanza kushika kutu, na kutu huwa nene kuliko chuma kilicholiwa. Inajijenga kwa kuta za ndani kama masizi ya sufuria. Paipu ya nusu inchi inabaki na tundu la kupitisha penseli. Ndiyo maana maji yenu ni ya kudondoka huku jirani aliyebadilisha paipu juzi anaoga vizuri, na mko laini moja. Ndiyo maana pia asubuhi maji ya kwanza ni ya rangi ya chai.

Kitu kingine ambacho sikuwa nakijua hadi fundi mmoja mzee alinieleza, nikaenda kusoma nikakuta ni kweli: mgao wa maji huua paipu. Chuma kinahitaji maji na hewa pamoja ndipo kishike kutu. Paipu iliyojaa maji wakati wote hushika kutu taratibu, kwa sababu hewa iliyomo ndani ya yale maji hutumika ikaisha. Lakini maji yakija Jumanne, yakikatika Jumatano, yakirudi Ijumaa, kila wakati unaingiza hewa mpya kwa chuma kilicholowa. Halafu maji yakirudi kwa nguvu yanasukuma ile hewa mbele, unasikia ukuta unagonga du-du-du kama kuna mtu ndani. Kila pigo linagusa viungo vilivyoliwa nyuzi tangu enzi za kina guka. Sasa jiulize ni mitaa gani ya huu mji imezoea mgao. Wale waliopewa paipu mbovu ndio pia hupewa maji yanayoziua haraka zaidi. Mwenye tenki juu ya nyumba hata hajui maji yalikatika.

Na ardhi yetu haisaidii. Tumekaa juu ya Bonde la Ufa, kwa udongo wa majivu ya volkano. Januari 1928 tetemeko la Subukia, hapo tu nyuma ya mlima, lilikuwa la ukubwa wa karibu 7. Siku hizi si tetemeko, ni mvua: ikinyesha sana ardhi inatitia, nyufa zinafunguka, na paipu ngumu ya chuma haijui kupinda. Paipu ikivuja chini kwa chini nayo inazidi kulainisha udongo. Ukiona sehemu ya uwanja iko na nyasi kijani kiangazi chote na hakuna anayemwagilia, hapo pana kazi.

Shosho yangu aliishi miaka mingi kwa moja ya hizo nyumba za mji, sitasema mtaa gani. Kila nyumba kwa safu yake ilikuwa imeshajivutia mfereji wa ndani, kila mtu na fundi wake, kutoka laini moja ya mkoloni. Usiku mmoja nikiwa kwake, tundu la ukubwa wa punje ya mchele likafunguka juu ya mlango wa jikoni. Maji yalikuwa yanagonga ukuta wa pili. Kufunga maji kulimaanisha kufungia nyumba kumi na mbili, na valvu ilikuwa kwa shimo ambalo mtu alikuwa amelijengea kibanda cha kuku juu yake. Shosho hakupiga kelele. Alitoa kwa kabati kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekunjwa vizuri kama leso ya kanisa, akanipa. "Kaza mpaka vidole vikuume," akaniambia. Alikuwa nacho tayari. Mtu wa miaka sabini anaweka mpira wa tyubu kwa kabati pamoja na vyombo vya wageni, kwa sababu anaijua nyumba yake.

Kwa hivyo, kama unaishi nyumba ya zamani, hizi ndizo mbinu, na zote zimejaribiwa. Stima kwanza. Kama maji yanaenda karibu na soketi ama shawa ya stima, zima swichi kuu kabla hujagusa kitu kingine chochote, na kama swichi yenyewe iko kwa maji, usiiguse, toka nje. Waya za hizo nyumba ni za umri wa paipu. Halafu valvu. Ikiwa imekwama usiivalie paipu ndefu na nguvu za gym, shingo itakatika na sasa utakuwa na shida mbili. Izungushe kidogo mbele, kidogo nyuma, mbele tena, hadi ilegee. Fungua mfereji ulio chini kabisa ili maji yaliyobaki yatokee huko badala ya kwa tundu. Pangusa kutu na kitambaa. Kata tyubu upana wa vidole viwili, anza shibiri moja kabla ya tundu, vuta mpira hadi uwe mwembamba, zungusha kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia, pita tundu shibiri nyingine, funga na waya. Zamani watu walikuwa wanaanza na juala, zikapigwa marufuku 2017, na kusema ukweli tyubu ni bora.

Hiyo itakupeleka hadi asubuhi, hata wiki. Haitakupeleka mwaka. Na hapa ndipo fundi akija anakata kipande kilichotoboka, anaweka kipya, anachukua pesa, na baada ya siku tatu kiungo kinachofuata kinaanza kulia. Mara nyingi hajakuhadaa. Chuma kilicholiwa ukikitingisha na spana upande mmoja, upande wa pili unasikia. Dawa yake ni kung'oa laini yote na kuweka hizi za plastiki za kuunganishwa kwa moto, ambazo hazijui kutu. Lakini nyumba si yako, laini ni ya watu kumi na wawili, na mwenye mali ni ofisi. Nani atalipa? Hapo ndipo kila mkutano wa safu hufia.

Upande wa maji taka sitakaa sana, mnakula. Paipu za kale za udongo wa kuchoma zimeunganishwa vipande vipande, na mizizi ya miti inapenda viungo hivyo. Choo kikianza kurudisha maji, kabla ya kumwaga zile dawa kali za kuchoma, muulize jirani wa chini. Kama na chake kinarudisha, kizuizi kiko kwa manholi, si kwako, na dawa yako itachoma tu fundi atakayeingiza mkono. Na mjue yanakoenda: mitambo ya kusafisha maji taka ya huu mji iko huko chini upande wa ziwa, na ziwa, nimeshasema, halina pa kutolea. Lile lile la flamingo, lililo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2011, ndilo mwisho wa paipu zetu.

Kuna watu watasema suluhisho ni maji zaidi. Kweli, tunayahitaji. Visima vyetu vina floridi nyingi, meno ya kahawia ya watu wa Nakuru mnayajua, na Dayosisi ya Katoliki hapa ilifikia kutengeneza vichungi vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ili kuipunguza. Maji ya Turasha yalivutwa kutoka upande wa Gilgil kwa fedha za Japani. Bwawa la Itare kule Kuresoi lilianza kwa shangwe, likasimama 2018 kampuni ya Italia iliyokuwa ikilijenga ilipozama kwa shida za pesa. Lakini hata Itare likiisha kesho, maji yake yataingia kwa paipu gani? Ukisukuma maji mengi kwa nguvu ndani ya chuma cha miaka sabini, unazidisha kazi ya tyubu ya Shosho.

Pale Bondeni nyumba mpya za bei nafuu zimeshasimama, zaidi ya 600, na kuna mazungumzo ya kubomoa mitaa zaidi ya zamani. Mimi sililii zile kuta. Kinachonisumbua ni kwamba wapangaji wa miaka arobaini, waliojivutia mifereji kwa pesa zao, wakanunua paipu, wakalipa fundi, hawana karatasi yoyote inayosema waliongeza kitu kwa ile nyumba. Kwa faili bado ni chumba kimoja, choo cha pamoja, mtu mmoja. Siku ya kuhesabu nani anastahili nini, faili ndiyo itasomwa, na iliandikwa na watu walioamini sisi tunapita tu.

Kwa hivyo kama uko na nyanya, shosho ama kuka kwa nyumba ya aina hiyo, nenda wikendi hii na simu. Piga picha kila mfereji uliowekwa na familia, kila paipu, kila risiti iliyobaki kwa bahasha. Muulize ilikuwa mwaka gani, fundi alikuwa nani, walichanga pesa ngapi na kina nani. Na ukiwa huko, tafuta valvu, uitie mafuta, na kama kuna banda la kuku juu yake, ongea na mwenye kuku kwa heshima.